Barua ya Wazi kwa Mwalimu Mkuu na Bodi: Wavulana Tisa Waliosimamishwa Dirishani

Kwa Mwalimu Mkuu,
Mwenyekiti na wanachama wa Bodi ya Usimamizi,
Walimu wa madarasa na Mwalimu wa Ushauri Nasaha,
Shule ya sekondari ya kutwa anakosoma mwanangu,
Kisiwani, Mombasa.

MINTARAFU: MAJINA MNAYOWABANDIKA WATOTO WETU

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mzazi wa mvulana wa Kidato cha Tatu shuleni kwenu, na ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko karibu na Mwembe Tayari, na kwa miaka kumi na mmoja nimewashonea sare watoto wa shule hiyo: mashati, sketi, suruali na hijabu nyeupe. Baadhi yenu walimu mmeniletea suruali nikazipunguza kiuno. Tunajuana, na kwa kuwa tunajuana nilianza kwa kuwajia kimyakimya.

Februari nilikuja nikakaa na mwalimu wa darasa. Machi nilileta barua ya kurasa mbili, karani akaigonga muhuri wa kupokelewa, na nakala yake ninayo. Mei, kwenye mkutano wa wazazi, niliinua mkono nikaambiwa hoja yangu itajadiliwa faraghani. Nikaingoja hiyo faragha. Juni nilipofuatilia nilijibiwa, "Mama, wewe una mtoto mmoja hapa, sisi tuna mia nane." Usiku ule sikulala. Ndipo nikaamua kuandika hadharani. Jina la shule sitalitaja, wala la mwalimu yeyote, wala la mwanangu, kwa sababu wateja wangu wa shule nyingine wananisimulia yaleyale, na sipendi shule moja ibebeshwe mzigo wa wengi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Watoto kupekuliwa kwa kuangalia mtaa wanakotoka

Wiki ya tatu ya muhula wa kwanza, bahasha ya michango ya ziara ilipotea darasani kwa mwanangu. Ndani yake zilikuwamo shilingi 4,500. Mwalimu aliingia, akafunga mlango, akasema, "Wa Kisauni, simameni upande wa dirisha." Hakuuliza ni nani aliyeketi karibu na meza ile, wala ni nani aliyebaki ndani wakati wa mapumziko. Wavulana tisa wakasimama. Wakaamriwa wavue viatu na soksi. Mikoba ikamwagwa juu ya madawati. Mkebe wa mwanangu wa viazi karai ukapinduliwa, ukwaju ukamwagikia daftari lake la Kemia, na wenzao thelathini na kitu wamekaa wanatazama.

Bahasha ilionekana siku ya tatu, kwenye kabati la walimu, imebanwa ndani ya rejista. Hakuna aliyerudi darasani kulisema hilo. Waliposhukiwa, darasa zima lilishuhudia. Ilipojulikana kuwa hawana hatia, habari ikaishia ofisini.

Nilipouliza kwa nini wa Kisauni pekee, nilipewa methali: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Walimu wangu, mimi nimekulia Mji wa Kale, si mbali na soko la samaki, na nawahakikishia kuwa muuza samaki hafanyi kazi hivyo. Angefanya hivyo angelala njaa. Humwinua kila samaki, akamfunua mashavu aone kama ndani kungali kwekundu, akambonyeza ubavuni aone kama nyama inarudi, akamtazama jicho. Aliyeharibika hutupwa, na wa kando yake akauzwa kwa bei yake. Ikiwa samaki wa kupimwa kwa kilo hukaguliwa mmoja mmoja, vipi mtoto wa mtu ahukumiwe kwa fungu?

Sikatai kwamba Kisauni tumekuwa na magenge ya vijana wenye mapanga. Sisi tunaoishi huko ndio tunaofunga milango mapema, ndio tunaoporwa simu, na ndio tunaowauguza waliokatwa. Watoto wetu huyakimbia magenge hayo kila jioni wakishuka matatu. Asubuhi wanakuja kwenu wakidhani wamefika mahali pa salama, halafu mnawasimamisha dirishani kana kwamba wao ndio waliowakimbiza.

Jioni moja, baada ya mambo hayo, mwanangu aliniuliza kama kwenye fomu ya anwani anaweza kuandika Tudor, kwa bibi yake. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Wa Tudor hawasimamishwi, mama." Ana miaka kumi na sita. Niliendelea kukunja nguo nisimwonyeshe uso wangu.

2. Kofia, hijabu na jina la Majengo

Mvulana anayetoka Majengo akija Ijumaa na kofia mkobani, huulizwa na wenzake kama amebeba bomu, na mwalimu wa zamu akapita kama hakusikia. Wengi wetu tunakumbuka msako wa polisi katika msikiti wa Majengo Februari 2014, na hofu iliyotanda mjini. Lakini mwanafunzi wa Kidato cha Nne leo alikuwa wakati huo na miaka kama mitano. Alikuwa bado anafundishwa kufunga kamba za viatu. Mnamdai deni la mwaka ambao hata haukumbuki.

Wasichana wa hijabu nao huambiwa wasijisumbue na fizikia kwa kuwa wataozwa kabla ya mtihani. Nimewashonea hijabu wasichana wa shule hiyo ambao leo wako vyuo vikuu, na wengine wao hupita kibandani kunisalimu. Na haki isemwe pande zote: watoto wa Kikristo nao wameitwa makafiri uwanjani na wenzao Waislamu, na hilo pia halikukemewa.

3. "Mpwani mvivu", "mtu wa bara mwizi"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili ndilo lililozoeleka mpaka halisikiki tena.

Yuko mwalimu mwenye mazoea ya kuanza kipindi cha asubuhi kwa kusema, "Nyinyi watu wa pwani mmezaliwa mmelala." Darasa hucheka. Yuko mvulana wa Likoni ambaye maneno hayo humwangukia yeye, maana kweli husinzia. Nimemshonea suruali mbili na nimezungumza na mamake. Mtoto yule huamka saa tisa na nusu usiku kumsaidia mama kusukuma na kukaanga mahamri, kwa sababu wateja wa mahamri na mbaazi huanza kupita saa kumi na moja. Akimaliza huoga, huvuka feri, kisha hutembea kutoka kivukoni hadi shuleni ili nauli ya matatu ibaki. Kengele ya kipindi cha kwanza ikilia, ameshakuwa kazini kwa muda wa saa nne. Ameitwa mvivu kwa miaka miwili na nusu, na katika muda wote huo hakuna aliyemwuliza, "Kwani wewe hulala saa ngapi?" Swali lenyewe halichukui hata dakika.

Wa bara nao hawasalimiki. Mtoto wa Kikikuyu aliyezaliwa Changamwe, ambaye hata Nyeri hajawahi kuiona, pesa za darasa zikihesabiwa huambiwa na wenzake aweke mikono juu ya meza. Mgiriama huulizwa habari za uchawi na mnazi. Mjaluo akijibu swali vizuri, anajidai. Msomali akiingia na mkoba mzito huambiwa aufungue polepole. Nimeyaandika kama watoto walivyonisimulia, na mkono ulikuwa mzito kuyaandika.

Na haya ya wenyeji na wa kuja, hapa Mombasa yanatoka wapi? Wazee wetu wa Thenashara Taifa, yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa mji huu, majina yao yenyewe yanataja walikotoka: Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wafaza. Walikuja na jina la kwao, na leo ndio tunaowaita wenyewe wa mji. Ukivuka Daraja la Nyali unafika Freretown, makao yaliyoanzishwa na wamishonari wa Kianglikana katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Walikuwa watu wa makabila mengi, wasiojua lugha za wenzao, na wakajenga kijiji kimoja. Kengele yao ndiyo iliyoipa Kengeleni jina lake. Wale wavulana tisa huipita Kengeleni kila asubuhi kwa matatu wakija kwenu. Kisauni mnayoitaja kwa kunong'ona ndiyo hiyo yenye historia ya kuwapokea waliofukuzwa kila mahali. Natamani siku moja mwalimu wa Historia awapeleke darasa zima wakaione.

Shuleni kwenu wamo pia watoto wa Wapemba. Jamii yao ilitambuliwa rasmi kuwa miongoni mwa makabila ya Kenya mwaka 2023 tu, baada ya kuishi hapa pwani vizazi kadhaa bila vitambulisho. Wamakonde waliwatangulia mwaka 2017. Fikirini mtoto ambaye babake ameshika kitambulisho kwa mara ya kwanza juzi, na yeye mwenyewe alihangaikia cheti cha kuzaliwa, kisha anaketi darasani anaitwa "wa kuja".

4. Kuhukumu kwa yanayoonekana langoni

Kuna msichana ambaye mwaka mzima ameitwa mbabi wa Nyali, yaani mtoto wa matajiri. Hushushwa langoni na gari kubwa jeusi. Wenzake humwomba pesa, na wakikosa humsusia. Saa saba mchana hukaa peke yake maktaba, wakasema anaringa. Ilipopangwa orodha ya wanafunzi wa kusaidiwa kulipia ziara, jina lake halikufikiriwa kabisa.

Mimi ndiye ninayemshonea. Pindo la sketi yake nimeliachia mara tatu, na sasa halina tena kitambaa cha kuachia. Gari lile ni la tajiri aliyemwajiri babake udereva. Baba humshusha binti yake njiani, anapokwenda kuwachukua watoto wa tajiri. Na maktaba hukaa kwa sababu hana pesa za chakula cha mchana. Mamake ameniruhusu kulieleza hili, na mambo madogo nimeyageuza ili asitambulike. Mambo hayo ningeyajuaje kama nisingeishika ile sketi mkononi?

Wasichana wanaotoka Mtwapa wana mateso yao, kwa sababu ya sifa za vilabu vya usiku vya huko. Msichana mmoja alichelewa mara mbili kwa msongamano wa barabarani, akaulizwa mbele ya gwaride alikuwa wapi usiku. Hilo mlisikie hivyo hivyo, sina la kuongeza.

5. Mikondo ya Gredi ya 10

Tangu wanafunzi wa Gredi ya 10 waanze Januari 2026, tumepewa mikondo mitatu: wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati; wa Sayansi ya Jamii; na wa Sanaa na Michezo. Serikali ilisema ni ili kila mtoto afuate kipaji chake. Muhula wa kwanza haujaisha, watoto walikuwa wameshapangana: wa sayansi ni vichwa, wa michezo ni wazembe. Msichana mpiga mpira aliambiwa na mtu mzima kwamba akili zake ziko miguuni. Mvulana anayechora mitindo ya mavazi aliambiwa hiyo ni kazi ya wanawake. Aliyenifundisha mimi kushona alikuwa mwanamume, na mafundi wanaume mjini hapa hawahesabiki. Mfumo huu ungali mchanga. Mkiukemea mzaha huu sasa, hautakomaa.

Najua majibu mtakayonipa, maana mengine nimeshayapata.

Mtasema ni utani. Mimi ni Mswahili, utani ninaujua. Utani tuliorithi kwa wazee una pande mbili: ukinitania nakutania, na msiba ukitokea mtani ndiye wa kwanza kufika. Mwalimu aliyeshika chaki na fimbo ya alama hana mtani darasani. Mtoto hawezi kumrudishia neno. Huyo anayecheka na wenzake asionekane ameumia, nyumbani anakuja kwa mama yake kuuliza kama anaweza kuhamia Tudor kwenye karatasi.

Mtasema watoto huyatoa nyumbani. Kuna ukweli, na nitaanza na nyumba yangu. Mwaka jana mwanangu alipopangwa kufanya mradi na mvulana ambaye wazazi wake ni wa bara, nilimwambia aangalie vitu vyake. Nilisema bila kufikiri, kama nilivyosikia kwa wakubwa wangu. Yule mvulana alikuja kwetu Jumamosi nne, akala, akaosha sahani yake, na siku umeme ulipokatika akaniangazia na tochi nimalize kazi ya mteja. Nilimwomba mwanangu radhi kwa lile neno, na namwomba radhi mvulana yule hapa. Basi sisi wazazi tuna hatia. Lakini nyumbani kwangu ninakosea mbele ya mtoto mmoja. Nyinyi mkikosea, wanasikia arobaini, na wanasikia kutoka kwa mtu tuliyewaambia wamtii.

Mtasema ni kwa ajili ya usalama. Kama ni usalama, pekueni kila mkoba, wa Nyali na wa Kisauni, wa mtoto wa mwanabodi na wa mtoto wangu. Nitakuwa wa kwanza kuunga mkono.

Mtasema mnayo Siku ya Utamaduni. Nimeihudhuria mara mbili. Kila mtoto huambiwa aje amevaa kikwao, kila kabila hucheza ngoma yake, wazazi tunapiga makofi, tunakula pilau, tunarudi. Mtoto ambaye mama ni Mduruma na baba ni Mkamba huulizwa achague. Binti yangu mkubwa, anayesomea ualimu chuo kikuu, alinisomea habari za Muzafer Sherif, mtafiti ambaye mwaka 1954 aliwapeleka wavulana 22 kwenye kambi ya Robbers Cave, jimbo la Oklahoma, Marekani. Walikuwa wa umri mmoja, dini moja, rangi moja, na hawakuwa wakijuana. Aliwagawa makundi mawili tu, akawashindanisha, na kwa siku chache wakawa wanachomeana bendera na kuvamiana mabandani. Alipowakutanisha kula pamoja walirushiana chakula. Kilichowapatanisha ni shida za pamoja: maji ya kambi yalipokatika, na lori la chakula lilipokataa kuwaka, ikabidi wote washike kamba moja walivute. Nimelifikiria sana lile lori. Siku ya Utamaduni yenu ni ile meza ya chakula. Kamba bado hamjawapa.

Na mtasema hakuna wakati, mtihani wa KCSE uko mlangoni. Hili nalo binti yangu alinionyesha jibu. Mwaka 1971 shule za mji wa Austin, Texas, zilikuwa zimeanza kuwachanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na ugomvi ulikuwa kila siku. Elliot Aronson na wenzake wakaligawa somo lenyewe vipande. Watoto waliwekwa makundi madogo ya mchanganyiko, kila mmoja akapewa kipande chake asome vizuri, kisha awafundishe wenzake. Kwa kuwa jaribio lilihusu somo zima, hakuna aliyeweza kumdharau mwenzake bila kukosa kipande chake. Mimi nililielewa upesi, kwa sababu ndivyo shati lilivyo. Huyu ana mgongo, huyu ana vifua viwili, huyu mikono, huyu kola. Ukimfukuza mwenye kola huna shati la kupeleka shule. Halichukui kipindi cha ziada hata kimoja; ni Biolojia ileile, Historia ileile, mmebadilisha tu nani anakaa na nani na nani anamhitaji nani.

Sikuja na mapenzi yangu peke yake. Kifungu cha 27 cha Katiba yetu ya 2010 kinakataza kumbagua mtu kwa kabila, asili yake ya kijamii, dini, mavazi, lugha au kuzaliwa kwake, na hakiibani Serikali tu, kinambana na mtu binafsi. Kifungu cha 53 kinasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kutangulizwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, sehemu ya 36, inakataza kumdhalilisha mwanafunzi, kwa mwili au kwa akili. Kumvua mtoto viatu na soksi mbele ya darasa kwa sababu ya matatu anayopanda, sijui mtaliita jina gani jingine.

Ninachoomba ni hiki:

(a) Mwalimu aliyehusika, au Mwalimu Mkuu kwa niaba yake, aingie katika darasa lilelile, mbele ya wanafunzi walewale, aseme bahasha ilionekana kabatini na wavulana tisa hawakuwa na kosa, na awaombe radhi. Isifanyike ofisini. Sihitaji mwalimu afukuzwe kazi. Ana watoto, na baadhi ya masomo anayafundisha vizuri sana.

(b) Bodi itoe kanuni ya upekuzi kwa maandishi: wapekuliwe wote au asipekuliwe mtu, wawepo mashahidi wawili, wasichana wapekuliwe na wanawake, na mzazi ajulishwe siku hiyohiyo.

(c) Walimu wakome kuwaita wanafunzi kwa kabila, mtaa au dini zao, gwaridani na darasani. Mwalimu wa Ushauri Nasaha apewe vipindi vyake kwenye ratiba. Kwa sasa anafundisha masomo mawili na chumba chake kimegeuzwa stoo ya madawati mabovu.

(d) Muhula ujao, Kidato cha Tatu mjaribu masomo ya vipande katika somo moja tu. Makundi yapangwe na mwalimu, wasijipange wenyewe, kwa sababu wakijipanga watakaa kimtaa.

(e) Siku ya Utamaduni ya mwaka huu wapewe kazi ya kufanya pamoja. Choo cha wavulana kimevunjika mlango tangu mwaka jana. Bustani ya mbele imekauka. Wachanganyeni, wapeni mbao na misumari.

(f) Nijibiwe kwa maandishi kabla ya shule kufungwa kwa likizo ya Agosti. Nisipojibiwa nitapeleka nakala za barua zangu zote, pamoja na ile yenye muhuri wenu wa Machi, kwa Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti na kwa Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC.

Nami sitaki kudai tu. Jumatano alasiri, wakati wa vyama, niko tayari kuja na cherehani mbili na vitambaa vyangu, niwafundishe wanafunzi kumi na wawili kukata na kushona shati. Nitaomba mnipangie sita wa kiume na sita wa kike, wa mitaa tofauti, na yule mvulana anayechora mitindo awemo. Kila mmoja atashona kipande kimoja. Mashati yatakayotoka yatakuwa ya wale ambao sare zao zimewabana na wazazi hawajajaliwa kununua nyingine. Msichana wa sketi ya pindo nitamshonea mwenyewe, hilo halihitaji kikao cha bodi.

Jibu lenu lileteni kibandani. Nipo kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Jumapili sipo. Naomba sana bahasha hiyo msimpe mwanangu aniletee.

Wenu kwa heshima,

Mzazi wa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu,
Fundi cherehani, Mombasa.